Jina la Mmoja Likichafuka, Nyumba ya Wawili Itajengwaje?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii kwenye semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia. Yamefupishwa kidogo.)

Katekista ameniambia nina muda mpaka chai iwe tayari, kwa hivyo sitazunguka.

Nilipotembelea vikundi vyenu mwezi uliopita niliulizwa swali moja mara tatu. Kila mara niliulizwa pembeni, mkutano ukishaisha, kwa sauti ya chini. "Dada, tunataka mkopo wa nyumba mimi na mwenzangu. Lakini mmoja wetu ameandikwa CRB. Tufanyeje?" Wawili walikuwa akina mama wakisema juu ya mabwana zao. Wa tatu alikuwa bwana akisema juu ya bibi yake, kwa hivyo akina mama msicheke sana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mwenzake akiwa karibu. Ndiyo sababu niliomba nafasi hii leo, niliseme jambo hili mkiwa mmeketi pamoja.

Nitaanza na nyumba yangu mwenyewe ili msione nimekuja kuwasema.

Mwaka 2019 mimi na mzee wangu tulikuwa na ploti yetu, futi 50 kwa 100, hati iko na majina yetu yote mawili. Tulikuwa tumechoka kulipa kodi ya nyumba. Tukavaa vizuri, tukaenda kwenye benki moja mjini kuuliza mkopo wa milioni moja na nusu. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na adabu. Alichukua vitambulisho vyetu, akaandika kwenye kompyuta, halafu akanyamaza. Mkinyamaziwa na afisa wa mikopo mnajua kuna neno. Akasema, "Mama, wewe huna shida. Ni mzee." Akageuza kompyuta tukaona.

Kulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, mzee alikuwa amemdhamini mwenzake wa kazini. Huyo mwenzake akapoteza kazi, akarudi kwao, akaacha deni la shilingi 86,000, nalo likamfuata mdhamini. Cha pili, mkopo wa simu wa shilingi 4,200. Cha tatu, mkopo mwingine wa simu wa shilingi 640. Ndiyo, mia sita na arobaini! Pesa za unga na mafuta ya taa zilitunyima nyumba.

Mzee alikuwa anaangalia kalenda ukutani. Kutoka benki mpaka steji hatukusema neno. Kwenye matatu alinilipia nauli na sikumwambia asante.

Baadaye nilikuja kuelewa kilichoniuma. Haikuwa zile pesa. Mkopeshaji anatakiwa kumpa mtu notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lake vibaya CRB. Notisi ilikuja kwenye simu ya mzee, akaifuta. Alidhani atamaliza deni kabla mimi sijajua. Aliona haya. Na kwa sababu ya haya, tulipoteza karibu miaka miwili.

Sasa sikizeni, nieleze hiyo CRB ni kitu gani, maana wengine wanaiogopa kama jini. Ni ofisi inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ya kwanza ilipewa leseni mwaka 2010. Mwanzoni zilikuwa zinaweka mabaya tu, lakini tangu mwaka 2014 zinaweka na mema pia. Ukilipa vizuri, hilo nalo linaandikwa. Kwa hivyo usiseme "niko CRB" kama mtu anayesema yuko gerezani. Karibu kila mtu aliyekopa benki yuko huko. Swali ni kuna nini kimeandikwa chini ya jina lake.

Na kumbukumbu hiyo inafuata kitambulisho cha mtu, haifuati ndoa. Padre hakuunganisha madeni yenu siku ile. Bwana akiandikwa, bibi hajaandikwa, mpaka bibi mwenyewe atie sahihi kama mkopaji mwenza au mdhamini. Lakini mkienda kukopa kwa pamoja, mkopeshaji anasoma ripoti zote mbili. Hajumlishi akagawa kwa mbili. Macho yake yanakwenda kwenye ile mbaya, kama vile mnunuzi wa maharagwe anavyoangalia yaliyooza kwanza.

Basi hatua ya kwanza, kabla hamjaenda popote, ni kutoa ripoti zenu mbili na kuzisoma mezani. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Mjue kwamba mkopeshaji mmoja anaweza kuwa amepeleka habari kwa ofisi hii na mwingine kwa ile, kwa hivyo msiridhike na ofisi moja. Someni mstari kwa mstari. Ule mkopo wa shilingi 4,200 wa mzee wangu, kumbe alikuwa ameulipa! Ujumbe wa M-Pesa bado ulikuwa kwenye simu. Tulimwandikia mkopeshaji barua mara mbili, tukapeleka na nakala CRB, ndipo wakarekebisha. Kwa hivyo akina baba, ujumbe wa malipo haufutwi. Mkinunua simu mpya, nakilini kwanza kwenye daftari.

Zile 640 alilipa usiku ule ule. Siku hizi deni dogo namna hiyo halikuandikishi tena. Kanuni za mwaka 2020 zilisema deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe CRB kwa ubaya. Na kuanzia mwaka 2022 wakopeshaji wa simu wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na wamekatazwa kuwapigia jamaa na marafiki walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Akikupigia shemeji yako akidai deni lako, huyo anavunja kanuni. Mshtakini. Lakini deni bado ni deni, lilipeni.

Deni kubwa ndilo lilitutoa jasho. Tulienda kwa mkopeshaji tukaomba kulipa kidogo kidogo, shilingi 7,200 kila mwezi kwa miezi 12. Walikubali haraka kuliko tulivyodhani. Mtu anayekuja mwenyewe kulipa si wengi. Tulipomaliza tukaomba barua ya kuonyesha deni limekwisha. Yule rafiki naye tulimfuata mpaka kwao. Alirudisha shilingi 20,000 kwa vipande vipande, na kuku wawili, ambao sikuwaomba.

Sasa msije mkadanganywa. Kuna watu mjini wanaosema, "Nipe elfu tano nikufutie jina CRB." Hakuna kitu kama hicho. Ukilipa deni, ubaya hautoweki siku hiyo. Unabaki kwenye kumbukumbu miaka mitano tangu siku ulipomaliza kulipa, ila sasa unaonyesha kwamba deni lililipwa. Hiyo ni tofauti kubwa. Mkopeshaji mmoja akiona "lililipwa" atakataa, mwingine atakaa chini na nyinyi mzungumze. Kila mmoja ana kipimo chake, kwa hivyo mkikataliwa mlango wa kwanza msirudi nyumbani kugombana.

Nikiulizwa, "Dada, hatuwezi kungoja. Mwenye jina safi si akope peke yake?" najibu, anaweza. Sheria haikatazi. Sisi wenyewe mwishoni tulifanya hivyo. Lakini kuna mambo mnatakiwa kuyajua kabla ya kalamu.

Kwanza hesabu. Mkikopa wawili, mapato ya wawili yanahesabiwa. Akikopa mmoja, ni ya mmoja. Tuseme mama ni mwalimu na mshahara wake ni shilingi 45,000. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa hivyo lazima abaki na 15,000 mkononi, na katika zile 30,000 nyingine mtoe kodi ya serikali, bima ya afya, akiba ya uzeeni, ushuru wa nyumba na pesa za sacco. Kinachobaki ndicho cha kulipia mkopo, na si kingi. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miaka 15, riba ikiwa asilimia 9.5 kwa mwaka kwa deni linalopungua, ni kama shilingi 12,500 kwa mwezi. Riba ikiwa asilimia 14, ni kama 16,000. Mpaka mwisho wa miaka 15 hiyo tofauti ni zaidi ya laki sita! Nyumba nyingine ndogo imekwenda na riba. Kwa hivyo ulizeni kama sacco yenu au benki yenu inapata pesa kutoka kwa ile kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoanza kukopesha mwaka 2020. Lengo lake ni mwananchi apate riba ya chini ya asilimia 10. Saccos kadhaa zimo ndani yake.

Wakulima msiseme hamna karatasi ya mshahara basi yamekwisha. Malipo ya maziwa, ya chai au kahawa, taarifa ya M-Pesa, kitabu cha akiba cha kikundi, hivyo vyote ni ushahidi wa mapato, mkiviweka. Na tukubali ukweli, mkopo wa nyumba wa benki ni wa wachache. Mwisho wa mwaka 2023 Benki Kuu ilihesabu mikopo hiyo kama 30,000 tu nchi nzima. Wengi wetu tutajenga kwa mkopo wa sacco, chumba baada ya chumba. Hakuna aibu hapo.

Jambo la pili ni karatasi za kutia sahihi. Hata kama mmoja tu ndiye anayekopa, nyumba mnayoishi haiwezi kuwekwa rehani bila mwenzake kukubali. Hiyo iko kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Kama ardhi ni shamba la kulima, mtapitia pia bodi ya ardhi. Kwa hivyo wewe unayefikiri utakopa mwenzako asijue, umechelewa. Ataitwa.

Lakini angalieni mnatia sahihi kama nani. Kutia sahihi kwamba umekubali nyumba iwekwe rehani si sawa na kuwa mdeni. Nyumba inaweza kuuzwa, lakini wewe hufuatwi kwa mshahara wako. Ukitia sahihi karatasi ya udhamini, hiyo ni nyingine kabisa. Deni likishindikana, wewe ndiwe utadaiwa, na jina lako litaandikwa. Karatasi hizo mara nyingi huja zimebanwa pamoja na pini moja. Mwambieni wakili azitenganishe, aeleze moja moja.

Siku yetu ilipofika, wakili aliniambia nitoke nje ili amweleze mzee peke yake, asije akasema nilimlazimisha. Nilikaa kwenye benchi kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mzee alipotoka akaniuliza, "Mama, unajua ukishindwa kulipa watatufukuza sote?" Nikamwambia najua. Akasema, "Mimi nilikuwa sijui." Mtu wa miaka 50, amedhamini watu watatu maishani mwake!

Sasa niwape hadithi nyingine, ya mama mmoja niliyemsaidia katika sehemu nyingine. Jina nimeliacha. Ploti ilikuwa kwa jina la bwana. Bwana alikuwa ameandikwa, mama alikuwa safi. Mama akakopa laki tisa kwa jina lake, bwana akaweka hati. Wakakubaliana kwa mdomo kwamba bwana atatoa nusu ya malipo kila mwezi kutokana na bodaboda yake. Mdomo tu.

Mama alijua deni moja la bwana. Yalikuwa manne. Wale watu wa simu walimkaba bwana, ikawa ile nusu yake inakwenda kuwalipa, na mama anajaza pengo kwa kukopa chama, halafu kwa dada yake, halafu naye kwa simu. Miezi minane. Notisi ikaja. Sheria inampa mdeni nafasi: akikaa mwezi mmoja bila kulipa ndipo anaweza kupewa notisi ya siku 90, kisha notisi ya kuuza ya siku 40, na mke au mume naye lazima apewe nakala, kisha dalali anatoa siku zake 45. Ukizihesabu unaona ni muda mrefu. Lakini muda mrefu katika nyumba isiyozungumza haufai kitu. Zile siku 90 mama alizimaliza akificha barua chini ya godoro.

Waliuza ng'ombe wawili siku za mwisho wakalipa malimbikizo. Nyumba ipo mpaka leo. Madirisha yamezibwa kwa mabati. Na jina la mama limeandikwa sasa, kwa hivyo walioingia na jina moja chafu wana mawili.

Nilipomuuliza bwana, mbona hukusema ni madeni manne? Akajibu, "Aliniuliza kama nina deni. Nikasema ndiyo." Sikuwa na la kumwambia.

Ndiyo maana nawasihi, mwenye jina safi asitie sahihi kabla hajaona ripoti ya mwenzake kwa macho yake. Si kwa kumshuku. Deni la mwenzako haliko kwenye karatasi yako, lakini liko kwenye sufuria moja na malipo ya nyumba. Na mapatano ya nani analipa nini yaandikwe, hata kwenye daftari la mtoto la shule, mtie sahihi wote na tarehe. Akina baba wengine wananiangalia vibaya. Sawa, niangalieni. Kikundi chenu kinaandika kumbukumbu za kununua viti vya plastiki. Mtashindwaje kuandika za nyumba?

Kuna na upande wa hati. Nimeona nyumba ambapo bibi ndiye aliyelipa mkopo wote kwa sababu jina lake lilikuwa safi, na hati ni ya bwana peke yake. Nimeona na kinyume chake, bwana aliyeandikwa CRB akatolewa hata kwenye hati, akaambiwa, "Wewe huna jina." Hilo si kweli. Kuandikwa CRB hakumzuii mtu kumiliki ardhi. Hati inaweza kuwa na majina mawili hata kama mkopo ni wa mmoja. Na mwambieni wakili mnataka umiliki wa namna gani. Kuna ule ambao mmoja akifa sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki moja kwa moja, na kuna ule ambao kila mtu ana fungu lake na fungu linakwenda kwa warithi wake. Msiache karani awachagulie.

Na msitegemee maneno ya barabarani kwamba mkiachana kila mtu anapata nusu. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema hakuna nusu kwa nusu ya kujiendea; kila mmoja anaonyesha mchango wake. Sheria inahesabu pia mchango usio wa pesa, kulea watoto, kazi ya nyumbani, kulima shamba la familia. Lakini mchango wa pesa unathibitishwa kwa karatasi. Yule ambaye jina lake haliko kwenye mkopo lakini ndiye aliyenunua simiti na kumlipa fundi, aweke risiti.

Mmeniuliza sisi tulimalizaje. Mwaka 2021 sacco yangu ilinipa laki saba, si ile milioni moja na nusu. Nilikopa peke yangu. Mzee alitia sahihi rehani kwa sababu hati ni yetu wawili, wala hakuwekwa mdhamini. Tulijenga vyumba viwili na jikoni. Stima iliingia mwaka uliofuata. Sebule bado ni msingi tu, na kuku wa yule rafiki ndio walikuwa wapangaji wake wa kwanza.

Naona chai imefika. Lakini mama wa kikundi cha wafinyanzi aliinua mkono tangu mwanzo, nimjibu. Anauliza, je, kama mwenzake akikataa kabisa kuonyesha ripoti? Mama, usimpeleke kwa wazee kesho. Toa yako kwanza, uiweke mezani, uiache hapo. Mzee wangu alizungumza siku ya nne, tukiwa tunapukuchua mahindi. Kama wiki zinapita na bado hasemi, basi usikope. Ungoje. Ploti haiozi.

Baada ya chai nitakaa pale chini ya mwembe na fomu za kuombea ripoti. Njooni wawili wawili, na vitambulisho.